Mtoto yuko ICU, ameanza kuweweseka, na daktari ametaja dawa ya wagonjwa wa akili. Naomba ushauri wenu

NyarKisumo

Habari zenu wadau. Mtoto wa dadangu, wa miaka minne, yuko ICU hapa Kisumu. Ilianza kama malaria ya kawaida, ikapanda kichwani, akapata degedege mfululizo, halafu kifua kikaharibika wakamweka kwenye mashine ya kupumulia. Tunashukuru Mungu mashine imetolewa na malaria imeisha kwenye damu. Sasa tumepata shida nyingine. Huyu si yule mtoto tunayemjua. Mchana analala macho nusu wazi, ukimwita hageuki. Jua likizama anaanza kuvuta mirija, anapiga mayowe, anaonyesha ukutani akisema kuna watu. Mamake mwenyewe hamtambui, anamsukuma.

Jana daktari alituita akasema hiyo ni deliriamu, na kwamba wakishindwa kumtuliza kwa njia nyingine watampa haloperidoli. Shemeji akaingia kwenye simu, akakuta ni dawa ya wagonjwa wa akili. Kutoka hapo hatuelewani. Shemeji hataki hata kuisikia. Mama mkwe anasema ni nyawawa, wale pepo wa usiku, wamempitia mtoto, aitwe mchungaji. Dadangu analia tu. Mimi ndiye nimeachiwa kazi ya kuongea na daktari kesho akifanya raundi, na sijui nianzie wapi.

Hiyo dawa inatibu nini hasa? Ina hatari gani kwa mtoto mdogo hivi? Na mnisaidie kwa ukweli: akili yake imeharibika?

FundiWaKibuye

Pole sana mama. Mimi niko upande wa shemeji yako. Kijana wetu aliwahi kupewa Plasil ya kuzuia kutapika kwenye kliniki fulani, jioni shingo ikapinda, macho yakaangalia juu, taya likakaza. Tulikimbia naye tukijua ni degedege. Walimdunga sindano nyingine, ndani ya muda mfupi akawa sawa. Tangu siku hiyo mtu akiniambia "ni dawa ya kumtuliza tu" naomba kwanza aniandikie jina lake. Ulizeni. Msiogope koti jeupe.

SistaWaUsiku

Pole dadangu. Mimi ni muuguzi wa ICU huku Nakuru, zamu zangu nyingi ni za usiku, na huyo mtoto unayemweleza nimemuuguza mara nyingi akiwa na jina lingine.

Nianze na swali lako la mwisho, maana najua ndilo linalowanyima usingizi. Deliriamu si wazimu. Mwili umeugua sana hadi ubongo ukashindwa kushika mambo: ni wapi hapa, huyu ni nani, huu ni usiku au mchana. Huja ghafla, hupanda na kushuka ndani ya siku moja, na usiku huzidi. Malaria ya kichwa yenyewe inaweza kumwachia mtoto shida za kujifunza au degedege za baadaye, na hilo daktari wenu atalifuatilia kliniki. Lakini haya mnayoyaona wiki hii hayawezi kuwaambia atakuwa nani mwezi ujao. Watoto wengi hurudi.

Na hamko peke yenu. Kuna utafiti uliochapishwa 2017 uliopima watoto 835 katika ICU 25 za nchi mbalimbali kwa siku moja moja. Robo yao walikuwa nayo. Walioonekana kuwa nayo zaidi ni walio chini ya miaka miwili, walio kwenye mashine ya kupumulia, na waliopewa dawa za kulaza za jamii ya midazolamu na diazepamu. Mtoto aliyepata degedege mfululizo halafu akawekwa mashine, hizo dawa lazima zilipita kwake, na zilipita kwa sababu nzuri.

Sasa hapa ndipo nataka unisikie vizuri. Ninyi mnaogopa usiku, anapopiga mayowe. Mimi naogopa zaidi huo mchana wa macho nusu wazi. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mtoto anayepiga kelele wote tunamkimbilia. Aliyenyamaza hasumbui mtu, wageni wanasema amepumzika, faili inaandikwa "ametulia", zamu inaisha. Kwa watoto, aina hii ya kimya, au ile iliyochanganyika kama ya kwenu, ndiyo tunayokutana nayo zaidi kuliko ya fujo tupu.

Kuna maswali manane ya kupima deliriamu kwa watoto, yaliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Cornell, New York, yakachapishwa 2014. Hayahitaji mashine wala damu. Muuguzi aliyekaa na mtoto zamu nzima anajiuliza: anamtazama machoni anayemhudumia? Vitendo vyake vina shabaha? Anajua kinachoendelea karibu naye? Anaweza kuonyesha anachotaka? Hatulii? Habembelezeki? Akiwa macho anajongea kidogo mno? Anachukua muda mrefu kuitikia? Kila swali lina alama 0 hadi 4. Akifikisha 9 au zaidi, tunamwita daktari na kuanza kutafuta. Kesho uliza kama wanampima kwa njia yoyote ile, na alama zinaendaje. Ukiambiwa "tunamwangalia tu", omba kwa heshima waanze kuandika.

Halafu kabla hamjafika kwenye haloperidoli, uliza wamekagua nini. Oksijeni yake usiku iko ngapi. Sukari. Sodiamu. Kama kuna homa mpya. Kama ana maumivu. Kama mpira wa mkojo bado unahitajika. Kama amepata choo! Watu hucheka nikitaja choo, lakini mtoto ambaye tumbo limemkaza na hana maneno ya kusema atawapigia mayowe usiku kucha, na hakuna dawa ya akili itakayomfungulia tumbo.

Mambo ya kitandani nayo ni matibabu, msiyaone madogo. Mchana pazia lifunguliwe, akalishwe, mtu wa mazoezi ya viungo amshike. Usiku taa zizimwe inapowezekana, na vipimo vya usiku vipangwe pamoja ili asiamshwe kila saa. Mamake awe pale. Najua ICU nyingi zina saa za kuona wagonjwa, lakini ombeni ruhusa, mkitaja kwamba ni kwa ajili ya kumtuliza. Na kama nyumbani mnamwongelesha Kijaluo, mwongelesheni Kijaluo. Sisi kutwa tunampigia Kiswahili na Kiingereza, na mtoto wa miaka minne aliyechanganyikiwa anasikia wageni tu.

Dozi sitaandika hapa na naomba mtu yeyote asiandike.

MzeeWaNyalenda

Sista amesema vizuri. Niongeze moja. Mama mkwe asidharauliwe. Sisi wa huku tumepiga mabati na sufuria usiku nyawawa wakipita kuelekea ziwani, na si watu wote waliotoka nje walikuwa wajinga. Bibi anaona mjukuu anaongea na watu wasioonekana, unataka aseme nini? Mchungaji aje saa za wageni, aombe kwa sauti ya chini, daktari naye aendelee na kazi yake. Mkianza kupigana juu ya kitanda cha mtoto, mtampoteza bibi, na bibi ndiye atakayekaa naye nyumbani akitoka.

SistaWaUsiku

Mzee, hapo nakuunga mkono kabisa. Wimbo wa kanisani anaoujua kutoka kwa bibi anayemjua ni bora kuliko katuni za simu. Shida yangu ni moja: asitolewe ICU kupelekwa kwa maombi, na asipewe kitu cha kunywa.

DakiWaZamu

Mimi ni daktari, nasomea utaalamu wa watoto, niko Eldoret. Niingie kwenye dawa maana ndiyo swali.

Niseme wazi: haloperidoli haitibu deliriamu. Inaweza kupunguza fujo na hofu wakati chanzo kinatafutwa na kurekebishwa. Ni dawa ya zamani, ilitengenezwa kwenye maabara ya Janssen huko Ubelgiji mwaka 1958, kwa wagonjwa wa akili kweli. Hadi leo mamlaka ya dawa ya Marekani haijaidhinisha dawa yoyote mahsusi kwa deliriamu, kwa mtoto wala mtu mzima. Daktari anapoiandika anatumia busara yake nje ya yale yaliyoandikwa kwenye kibali cha dawa. Hilo si kosa, dawa nyingi za watoto tunazitumia hivyo. Ila mzazi anastahili kuambiwa.

Ushahidi wenyewe. Kwa watu wazima kuna majaribio mawili makubwa. La kwanza la Marekani, 2018, wagonjwa 566 wa ICU wenye deliriamu: wengine haloperidoli, wengine ziprasidoni ya jamii hiyohiyo, wengine dawa bandia. Siku za kuchanganyikiwa hazikutofautiana. La pili liliongozwa na Wadenmaki, 2022, wagonjwa kama 1000. Nalo halikuonyesha kwamba waliopewa haloperidoli waliishi siku nyingi zaidi nje ya hospitali kwa kiwango cha kuaminika. Kwa watoto tulicho nacho ni ripoti za wagonjwa wachache na tafiti ndogo, nyingi bila kundi la kulinganisha.

Ndiyo maana mwongozo wa madaktari wa ICU wa Marekani wa 2022 kwa watoto unasema hivi, kwa maneno yangu: dawa hizi zisitumike kama kawaida kuzuia deliriamu wala kufupisha siku zake, zifikiriwe kwa mtoto ambaye dalili zake ni kali na njia nyingine zimeshindwa, na kabla ya kuanza apimwe ECG, kipimo cha umeme wa moyo, halafu umeme huo na madini ya damu vifuatiliwe. Kwa hiyo daktari wenu aliposema "tukishindwa kwa njia nyingine", alisema sawasawa. Mimi ningekuwa na wasiwasi kama angeiandika usiku wa kwanza bila kuongea na mtu.

Kuna jambo moja ambalo lazima mlipeleke kesho. Huyu mtoto alilazwa kwa dawa kwa siku kadhaa, na mashine imetolewa karibuni. Kama midazolamu au mofini zilikatwa kwa ghafla, mwili unaweza kuwa unazidai. Atatetemeka, atatoka jasho, atatapika au kuharisha, atapiga miayo na chafya, hatalala, atapiga mayowe. Ukimtazama kwa mbali ni deliriamu tupu. Lakini matibabu yake ni tofauti: unarudisha kidogo kisha unapunguza polepole. Na hapa ndipo tunapokuna vichwa hata sisi, kwa sababu dawa ileile inayoleta deliriamu ndiyo inayotakiwa kurudishwa. Mtoto mmoja anaweza kuwa na yote mawili kwa pamoja. Ulizeni: alipewa kwa muda gani, zilikatwaje?

Na la mwisho kwa mtoto wa malaria ya kichwa: degedege za kimya. Kidole kinachocheza, jicho linalovutwa upande mmoja, mate mengi, pumzi isiyo sawa. Huo mchana wa macho nusu wazi nisingeuita deliriamu kabla ya kuondoa hilo.

Jamaa_wa_Lanet

Daktari asante. Mimi nina hasira kidogo, mnisamehe. Binti yetu alifanyiwa upasuaji mkubwa, akakaa ICU. Tulikuta mikono imefungwa kwa bandeji kwenye vyuma vya kitanda. Nilipouliza nikaambiwa ni kwa usalama wake. Kila tukiondoka amefungwa. Baadaye nikasoma kwamba kufunga watoto kunaleta deliriamu mara nne. Kwa nini hospitali zinaendelea?

DakiWaZamu

Ndugu, ule utafiti wa 2017 ulikuta waliofungwa walikuwa na uwezekano mara nne hivi wa kuwa na deliriamu, ndiyo. Lakini ulipima siku moja tu. Hauwezi kusema kipi kilitangulia. Mtoto anayevuta mrija wa kupumulia anafungwa kwa sababu tayari amechanganyikiwa. Sikatai kwamba kufungwa kunamzidishia hofu, naamini kunazidisha. Nakataa tu kusema utafiti ulithibitisha.

SistaWaUsiku

Na mimi niseme la upande wetu. Usiku muuguzi mmoja ana wagonjwa wawili au watatu wa mashine. Mtoto akichomoa mrija wa kupumulia una dakika chache sana. Simtetei aliyefunga bila kuwaeleza wazazi, huyo alikosea. Lakini mama akikaa na kushika ule mkono, mimi bandeji siigusi. Kwa hiyo badala ya kugombana kuhusu bandeji, gombaneni kuhusu saa za wageni.

Jamaa_wa_Lanet

Hapo sawa. Hakuna aliyetuambia tunaweza kukaa.

MfamasiaKakamega

Nimechelewa lakini mada ni yangu. Kabla ya kuongeza dawa, chukueni karatasi ya dawa na mtafute ya kuondoa. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya mfamasia na mara nyingi hatuulizwi.

Washukiwa wangu kwa mtoto wa ICU: midazolamu, diazepamu, Phenergan, Piriton, atropini, ketamini, na steroidi zikiwa nyingi. Phenergan na Piriton, dawa za mzio, nazitaja kwa makusudi. Huku kwetu zinatolewa kama peremende, mtoto akiwashwa Piriton, asipolala Phenergan. Zote zinazuia kemikali moja ya ubongo inayohitajika kwa kumakinika, na kwa ubongo uliochoka zinaweza kuwasha moto wote. Atropini vilevile. Huku magharibi tunapokea watoto waliokunywa dawa ya kuogeshea ng'ombe au ya kupulizia mboga. Wanaokolewa kwa atropini nyingi, halafu ikipita kiasi mtoto anaanza kukamata vitu hewani, ngozi kavu ya moto, mboni kubwa, moyo mbio. Ukimpa haloperidoli hapo umekosa mlango kabisa. Punguza atropini.

Fundi wa Kibuye, yaliyompata kijana wako kwa Plasil ndiyo hayohayo yanayoweza kumpata mtoto kwa haloperidoli: shingo kupinda, macho kupanda juu, taya kukaza. Zinafunga mlango uleule wa dopamini, kemikali ya ubongo. Watoto na vijana hupatwa zaidi kuliko wazee, na mara nyingi ni siku za mwanzo. Inatisha kuliko inavyodhuru, na hurekebishwa kwa sindano au kidonge kama benzheksoli. Ubaya ni kwamba dawa hizo za kurekebisha ni za kundi lilelile la Phenergan, kwa hiyo zinaweza kumrudisha kwenye kuweweseka. Wazazi wakielezwa mapema hawatadhani ni degedege wala mapepo.

Hatari ninayoiogopa mimi ni moyo. Haloperidoli inaweza kurefusha kipande cha mdundo wa umeme kinachoitwa QT. Kikirefuka sana, moyo unaweza kuingia kwenye mdundo mbaya na kusimama. Mamlaka ya Marekani ilitoa onyo mwaka 2007, hasa ikipigwa kwenye mshipa. Peke yake kwa dozi ndogo kwa kawaida si balaa. Balaa ni mkusanyiko. NyarKisumo, uliza kama malaria yake ilitibiwa kwa kwinini badala ya atesuneti. Uliza kama anapewa ondansetroni ya kutapika, azithromaisini au erithromaisini ya kifua, flukonazoli ya fangasi. Zote hizo zinarefusha QT. Halafu potasiamu na magnesiamu zikiwa chini, kama ilivyo kwa mtoto aliyeharisha au aliyekaa kwenye dripu muda mrefu, umewasha kiberiti karibu na petroli. ECG ifanyike kabla, na irudiwe. Ikifika milisekunde 500 dawa inasimama.

Jambo dogo la kabati la dawa: kuna haloperidoli ya kawaida na kuna haloperidoli dekanoeti, ya mafuta, inayokaa mwilini wiki kadhaa, ya wagonjwa wa kliniki ya akili. Majina yanafanana. Haitumiki kabisa hapa. Yeyote anayefanya kazi kwenye hospitali ndogo azitenganishe rafu.

MzeeWaNyalenda

Kumbe Piriton! Tumewapa watoto wote.

MfamasiaKakamega

Mzee, mtoto mzima mwenye mafua na kijiko cha Piriton si wa kulazwa. Naongea juu ya mtoto mahututi mwenye dawa nane kwenye karatasi.

FundiWaKibuye

Kwa hivyo kuna dawa nzuri kuliko hii au hakuna? Maana naona mnaeleza ubaya tu.

DakiWaZamu

Swali zuri. Kuna kundi jipya zaidi: risperidoni, kwetiapini, olanzapini. Risperidoni wengi wanaipendelea kwa watoto kwa sababu ipo ya maji, na tuna uzoefu nayo: Marekani iliidhinishwa mwaka 2006 kwa fujo za watoto wenye usonji wa kuanzia miaka 5. Shingo kupinda si kwingi kama kwa haloperidoli. Lakini kwa kazi hii hupitia mdomoni au kwenye mrija wa tumbo tu, na QT inabaki palepale. Kwamba inatibu deliriamu bora kuliko haloperidoli, hakuna jaribio la watoto la kutosha linalonipa ujasiri wa kusema hivyo.

Kitu chenye maana zaidi kwangu ni kubadilisha dawa ya kulaza tangu mwanzo. Deksimedetomidini inamlaza mtoto usingizi unaoamshika, na mwongozo wa 2022 unaielekea kuliko midazolamu. Inapunguza mapigo na presha, na bei yake si ya hospitali nyingi za kaunti. Klonidini ni ndugu yake wa zamani, nafuu, na baadhi yetu tunaitumia.

Ukiniuliza ni mtoto gani nitampa haloperidoli bila kusita: yule anayejichomoa oksijeni au mshipa, anayepigana hadi mashine inalia, ambaye tumetafuta chanzo na bado tunarekebisha, na hofu machoni inaonekana. Hofu ni mateso, tusiisahau. Watoto wakubwa waliopona husimulia wadudu ukutani na wauguzi waliotaka kuwaua. Kumwacha mtoto humo usiku kucha kwa sababu ya kuogopa jina la dawa si huruma. Ila yule wa mchana, aliyelala macho nusu wazi bila fujo, simpi.

FundiWaKibuye

Nimeelewa. Kumpa dawa bila kutafuta chanzo ni kupangusa maji sakafuni na mfereji uko wazi.

NyarKisumo

Wadau, nimerudi. Niliandika maswali yenu kwenye karatasi nikaenda nayo. Daktari aliisoma yote, akatabasamu akauliza nimesomea wapi.

Haya ndiyo tuliyoambiwa. Sodiamu ilikuwa chini na walikuwa wameanza kuirekebisha. Midazolamu ilipunguzwa kwa siku mbili tu, kwa hiyo wanafikiri sehemu ya fujo ni mwili kuidai. Phenergan ya usiku ilikuwa kwenye karatasi, wameiondoa. Degedege za kimya wamezitazama, hawakuziona. Kwinini hakupewa. ECG ilifanywa na ilikuwa sawa. Dadangu ameruhusiwa kukaa hadi mtoto alale, na bibi anakuja asubuhi.

Usiku uliofuata ulikuwa mbaya bado, alichomoa oksijeni na mshipa, ikabidi wampe haloperidoli kidogo. Shemeji alikubali baada ya kuonyeshwa ECG na kuelezwa habari ya shingo. Shingo haikupinda. Alilala. Usiku wa pili walimpa tena, wa tatu hawakumpa. Leo amemwita mamake kwa jina lake la nyumbani na ameomba uji. Jioni bado anachanganya mambo, anamwita sista shangazi, lakini mayowe yamekwisha.

Sasa shemeji anasema ni dawa imemponya, bibi anasema ni maombi.

DakiWaZamu

Habari njema sana. Kuhusu kilichomponya, mimi nasema sodiamu na kupunguza midazolamu vizuri.

MfamasiaKakamega

Phenergan.

SistaWaUsiku

Mamake. Na usingizi wa usiku ule wa kwanza, ambao haloperidoli ilimpa. Waacheni shemeji na bibi wote wawili waamini, mradi mtoto anakula uji. NyarKisumo, endeleeni kumtazama mchana. Akizidi kunyamaza tena, usisubiri usiku kusema.

Mwalimu_Butere

Samahani kuingilia, nimesoma uzi wote. Mwanafunzi wangu, mpwa wangu pia, alitoka hospitali kubwa akiwa na chupa ya risperidoni aliyoanzishwa ICU. Mamake anaendelea kumpa kila jioni, inaisha ananunua nyingine. Mtoto ameongeza uzito sana na darasani analala. Hakuna aliyetuambia ni hadi lini. Tuiache?

MfamasiaKakamega

Mwalimu, hili linatokea kila mahali duniani: dawa inaanzishwa ICU kwa usiku wa fujo, mtoto anahamishwa wodi, anaruhusiwa, na dawa inasafiri naye kwa sababu kila mtu anadhani mwingine ndiye anayejua sababu yake. Uzito na usingizi ni madhara yake yanayojulikana. Msiikate leo wenyewe. Ikitumika kwa muda kisha ikakatwa ghafla, anaweza kukosa usingizi, kutapika na kuwa na miguu isiyotulia. Rudini kwa aliyeiandika, au daktari yeyote wa watoto wa kaunti, na chupa yenyewe na karatasi ya kuruhusiwa. Swali ni moja: kile mlichokuwa mnakitibu bado kipo? Kama hakipo, atawapangia namna ya kupunguza. Na mama asinunue nyingine dukani bila karatasi mpya, hata wakimuuzia.

DakiWaZamu

Naongeza: apimwe uzito, na aulizwe kama ana kiu nyingi na mkojo mwingi, maana sukari inaweza kupanda. Na je, alikuwa na shida yoyote ya tabia au usonji kabla ya kulazwa? Kama ndiyo, labda kuna aliyeamua aendelee nayo kwa sababu hiyo, na hesabu inabadilika.

Mwalimu_Butere

Hapana, alikuwa mtoto wa kawaida, mcheza mpira. Kliniki ya watoto ni Jumanne. Nitaenda na mamake na chupa.